Chaja ya betri ya gari: ipi ununue, ipi uiache dukani (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Ukurasa huu ni wa mwenye gari la kawaida la huku kwetu: Vitz, IST, Premio, Noah, Harrier, pengine na Canter moja ya biashara. Umeme wa nyumbani ni wa volti 230, unakatika siku ambayo hukutegemea, na gari linalala nje kwenye joto. Mwenye haraka achukue hili aondoke: kwa gari dogo la volti 12, tafuta chaja ya otomatiki ya ampea 4 hadi 8 inayokubali aina ya betri uliyonayo, na usilipie namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi. Mwenye nafasi aendelee kusoma.

Kwani chaja ni ya nini, si alteneta inachaji?

Inachaji, ila kazi yake ni kulilisha gari umeme likiwa linatembea na kurudisha kile kidogo ambacho starta imekula. Kujaza betri iliyokwisha kabisa ni kazi nyingine. Ukibusti gari asubuhi, ukatoka Tabata hadi Posta kwenye foleni, AC imewashwa na injini iko sailensa muda mwingi, kinachoingia kwenye betri ni kidogo. Jioni litawaka, kesho asubuhi utakuwa unamtafuta tena jirani mwenye waya za kubustia. Na betri za risasi, kama hizi za magari, haziharibiwi na kutumika tu. Zinaharibika kwa kukaa nusu chaji wiki baada ya wiki, chumvi ya salfeti ikigandia kwenye sahani za ndani mpaka zisishike tena.

Anayehitaji chaja hasa ni mwenye gari linalokaa. Fanya hesabu hii. Gari lililozimwa, lenye alamu, redio na kifaa cha kulifuatilia, linaweza kula miliampea 50 bila tatizo lolote la waya. Hiyo ni Ah (ampea-saa) 1.2 kwa siku, yaani Ah 36 kwa mwezi. Betri ya NS60 (hilo ni jina la ukubwa wa betri) ina Ah 45 hivi. Kwa hiyo anayesafiri mwezi mzima, au anayeishi Muscat au Ujerumani na gari lake linamsubiri Tanga, asishangae akirudi na kukuta hata loki za milango hazifanyi kazi.

Asiyehitaji chaja ni yule ambaye betri yake imeshachoka. Ataichaji, itaonekana imepona, wiki haitaisha kabla haijamwangusha tena.

Nitajuaje betri imekufa au imeishiwa chaji tu?

Nunua multimita kabla ya chaja. Ndogo ya bei rahisi inatosha. Liache gari limezimwa usiku kucha, kisha asubuhi kabla ya kuwasha, pima kwenye teminali:

12.6 au zaidi: imejaa.
12.4: robo tatu.
12.2: nusu.
12.0: robo.
Chini ya 11.8: imekwisha.

Kisha washa injini upime tena. Ukiona kati ya 13.8 na 14.5, alteneta inafanya kazi. Baadhi ya magari mapya ya Japani hupunguza chaji makusudi ili kuokoa mafuta, hivyo ukiona 12.8 kwenye gari la namna hiyo usikimbilie kufungua alteneta. Washa taa kubwa na feni, uangalie kama namba inapanda.

Dalili ya kifo ni hii: umechaji usiku mzima, umeiacha ipumzike saa kadhaa, halafu inasoma karibu 10.5. Betri ya volti 12 ina seli sita za volti 2 na kidogo kila moja. Ukikosa volti mbili na kidogo ujue seli moja imeondoka, na hakuna chaja duniani itakayoirudisha. Ipeleke kwa wanaonunua mabovu upunguziwe bei ya mpya.

Sawa, ninunue ya ampea ngapi?

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika, kwa hiyo twende taratibu.

Kanuni ya mafundi ni asilimia 10 ya ukubwa wa betri. Betri ya Ah 50 inachajiwa kwa ampea 5, ya Ah 70 kwa ampea 7. Ukipanda hadi asilimia 20 haitakufa, ila itapata joto zaidi, na joto la Dar es Salaam au Mombasa tayari linaichosha bila msaada wako. Ukishuka hadi ampea 2 haidhuriki hata kidogo, ila utasubiri.

Ukubwa utausoma kwenye stika. Kwa majina yanayotumika madukani: NS40 ni Ah 32 hadi 35, NS60 ni 45, N50 ni 50, NS70 ni 65, N70 ni 70. N100, N120, N150 na N200 ziko kama zilivyoitwa. Tatizo ni betri zilizokuja na gari kutoka Japani. Zimeandikwa kitu kama 46B24L au 55D23L, na mtu anasoma 46 akidhani ni Ah 46. Hiyo namba ya mwanzo ni daraja la nguvu kwa mpangilio wa Kijapani. 46B24L inalingana na NS60, na kwa vipimo vya kwao vya saa tano ni Ah 36 tu. Herufi ya katikati na namba inayofuata ni vipimo vya umbo, 24 ikiwa urefu wa sentimita 24 hivi. L au R ya mwisho ni upande iliko teminali ya chanya, kushoto au kulia.

Muda? Gawanya kilichopungua kwa ampea za chaja, kisha ongeza. Betri ya Ah 50 iliyo nusu inadai Ah 25. Chaja ya ampea 5 ingemaliza kwa saa tano kama ingesukuma zote tano hadi mwisho, lakini sehemu ya mwisho ya kujaza huenda polepole, kwa hiyo weka saa saba au nane. Maana yake ukiunganisha saa mbili usiku, asubuhi iko tayari. Ndiyo sababu nasema ampea 4 hadi 8 zinamtosha mwenye gari dogo. Hakuna anayekaa macho kuihesabia dakika.

Nimeona chaja ya ampea 20 kwa bei ndogo kuliko ya ampea 5 ya kampuni maarufu. Kuna siri gani?

Siri iko nyuma ya chaja, kwenye kibandiko. Tafuta wati.

Ampea 20 kwa volti 14.4 ni wati 288 zinazotoka. Hakuna kifaa kinachotoa zaidi ya kinachoingiza, na sehemu fulani hupotea kama joto, hivyo chaja ya kweli ya ampea 20 lazima ivute zaidi ya wati 300 kutoka ukutani. Sasa geuza ile ya bei chee. Ukikuta imeandikwa 150W, toa kama asilimia 15 za kupotea, gawanya kwa 14.4, unabaki na ampea 9 au pungufu. Hiyo si mbaya kwa betri yako, pengine inakufaa kuliko 20. Ubaya ni kwamba aliyekudanganya kwenye ampea hana sababu ya kukwambia ukweli kwenye ulinzi wa ndani.

Angalia na waya. Waya wa ampea 20 ni mnene, unagoma kukunjika. Ukiona waya mwembamba kama wa kuchajia simu unaingia kwenye vibanio vyekundu na vyeusi, umeshapata jibu. Nyanyua pia chaja yenyewe: nyingi za namna hii ni nyepesi mno, ndani kuna feni inayopiga kelele na nafasi tupu.

Sisemi usinunue za Kichina. Ziko nzuri, na chaja zenye majina ya Ulaya nyingine zinatengenezwa hukohuko. Nasema piga hesabu ukiwa dukani, mbele ya muuzaji, kwa simu yako.

Transfoma au otomatiki: ipi bora?

Chaja ya transfoma ni lile boksi zito la chuma linalonguruma, lenye mita ya sindano na swichi ya juu na chini. Utaiona kwa kila fundi betri, kuanzia Gerezani hadi Kirinyaga Road kule Nairobi. Haina akili yoyote. Ukiunganisha, sindano inaruka hadi nane au kumi, halafu inashuka kadiri betri inavyojaa. Saa kadhaa baadaye imelala kwenye mbili, vifuniko vya seli vimefunguliwa, ndani povu linachemka, na ukiinama karibu koo linawasha. Hapo mtu anatakiwa aizime. Asipoizima, inaendelea kusukuma, volti zinapita 15, maji yanakauka na sahani zinapinda.

Ina sifa zake. Inaamsha betri iliyolala hadi sifuri bila kuuliza maswali, inatengenezeka mtaani kwa kubadilisha dayodi, na inavumilia umeme wa hovyo. Kwa fundi anayekaa nayo kutwa, ni chombo cha kazi. Kwa mtu anayeiunganisha saa nne usiku na kwenda kulala, siipendekezi.

Ya otomatiki inakwenda kwa hatua. Kwanza inasukuma ampea zake zote mpaka betri ifike kama volti 14.4. Kisha inashikilia volti hizo huku ampea zikipungua zenyewe. Ikiona zimebaki chache, inashuka kwenye hatua ya kutunza, karibu 13.6, ambayo betri inaweza kukaa nayo wiki nyingi. Hatua hiyo ya tatu ndiyo unayoilipia. Chaja inayojiita ya otomatiki lakini ikimaliza inazima tu na kunyamaza, inafaa kuchaji, haifai kutunza gari linalokaa.

Ukiweza, chagua yenye kupima joto. Volti za kuchaji huwekwa kwa nyuzi 25. Kwenye banda lenye nyuzi 35, betri hiyohiyo inataka pungufu ya karibu volti 0.2, la sivyo unaichemsha polepole bila kujua.

Ni zipi zinazoaminika?

Nitataja ninazozifahamu, na sipati chochote kwa kuzitaja.

CTEK ya Sweden, modeli ya MXS 5.0, ni ampea 5, ya volti 12 pekee, na inachaji hadi betri ya Ah 110. Kwa gari dogo hadi Noah ndiyo ningeanza kuiangalia. NOCO ya Marekani ina Genius ya ampea 5 na ya ampea 10. Faida yake ni kwamba inafanya volti 6 na 12, na inakubali hata betri za lithiamu. Victron ya Uholanzi ina Blue Smart IP65 inayoonyesha volti na ampea kwenye simu kwa bluetooth. Mtu wa sola huwa anaipenda hii, na mimi namuunga mkono, kwa sababu kuona namba kunamfundisha mtu hali ya betri yake. Bosch ana C3, ampea 3.8, na C7 yenye volti 12 na 24.

Ukizilinganisha, zote zinafanya kazi ya msingi vizuri. Tofauti ziko pembeni: nani anakumbuka alipoishia umeme ukikatika, nani anaamsha betri iliyoshuka sana, nani ana plagi ya kwetu. Bei ya hizi huwa kubwa kwa chaja, lakini ilinganishe na bei ya betri mbili utakazoua kabla ya muda wake.

Ndugu yangu yuko nje, anitumie?

Anaweza, ila asome neno INPUT kabla ya kulipa. Aliye Oman au Dubai hana shida, umeme wao na plagi zao za meno matatu ya bapa ni kama zetu. Aliye Ujerumani au Ufaransa, volti ni sawa ila plagi ni ya duara, hivyo utahitaji adapta imara. Adapta legevu inayopata moto ukutani usiku kucha ni hatari kuliko chaja mbovu.

Aliye Marekani au Japani awe makini zaidi. Huko umeme ni wa volti 120 na 100. Chaja iliyoandikwa 100V pekee, na hizi zinapatikana sana kwenye mitumba ya Japani zikiwa nzuri na za bei ndogo, ukiichomeka kwenye 230 inatoa moshi. Kama imeandikwa 100–240V, ichukue.

Betri yangu ni "kavu". Niweke chaguo la AGM?

Mara nyingi, hapana. Betri nyingi zinazouzwa kama kavu ni za maji ya kawaida zilizofungwa vifuniko ili usiongeze maji. Hizo zichaji kwa chaguo la kawaida, volti 14.4. AGM ni aina nyingine, asidi yake imenyonywa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo, na stika yake itakuwa imeandikwa AGM. Yenyewe inavumilia 14.7. Betri ya jeli inataka pungufu, karibu 14.2. Magari yanayojizima kwenye taa za barabarani hutumia AGM au EFB (betri ya maji iliyoimarishwa). Zile za Kijapani zenye alama kama Q-85 au M-42 ni za kundi hilo.

Jambo moja kuhusu kitufe chenye picha ya theluji. Kimewekwa kwa ajili ya baridi kali za Ulaya na kwa ajili ya AGM, kinapandisha volti. Kama una betri ya maji na uko Dodoma, usikiguse.

Kitufe cha kukarabati betri kinafanya kazi?

Kidogo. Salfeti ikiwa changa, chaji ndefu ya polepole inairudisha sehemu, na hilo hata chaja ya kawaida ya ampea 2 inafanya. Ikishakomaa kuwa fuwele ngumu, hairudi. Kwenye chaja nzuri hatua hii hupandisha volti hadi karibu 16 kwa muda mfupi, ili kukoroga asidi iliyojitenga na kuzama chini. Ifanye kwa betri ya maji tu, na uitoe kwenye gari kwanza, maana kompyuta za gari hazizipendi volti hizo. AGM, jeli na lithiamu usithubutu.

Muuzaji akikuambia chaja yake inafufua betri zilizokufa, mwombe afufue moja mbele yako.

Chaja yangu inasema hakuna betri, na betri iko hapo hapo!

Chaja za otomatiki zinakataa kuanza kama betri iko chini ya kiwango fulani, ili zisipeleke umeme kwenye vibanio vilivyogusana au kwenye betri bovu. Kiwango kinatofautiana: nyingine zinaanza kwenye volti 2, nyingine zinagoma hata kwenye 8. Kabla ya kununua, tafuta namba hiyo kwenye kijitabu, kwa sababu betri iliyokaa miezi mitatu hushuka huko.

Ukikwama, chukua betri nyingine nzuri ya volti 12, iunganishe na hiyo iliyolala kwa waya za kubustia, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, kisha weka chaja. Itaona volti na kuanza. Baada ya nusu saa hivi itoe ile nzuri. Kama iliyolala inaporomoka tena papo hapo, au inapata moto mkononi, iache.

Nina Aqua. Nitachajije?

Aqua na Prius zina betri mbili. Ile kubwa ya haibridi, yenye volti zaidi ya 100 na nyaya za rangi ya chungwa, haihusiani na chaja yoyote ya ukurasa huu. Usiiguse. Gari likigoma kuwaka, mara nyingi kilichoisha ni betri ndogo ya volti 12, ambayo kwenye nyingi imejificha nyuma, kwenye buti au chini ya kiti. Ni ndogo, nyingi ziko Ah 30 hadi 45, na ni ya aina iliyofungwa yenye mpira wa kutolea hewa nje. Ampea 4 zinaitosha. Chini ya boneti kuna sehemu ya kubustia, lakini kwa kuchaji usiku kucha ni afadhali uifuate betri yenyewe.

Angalizo kwa wenye magari ambayo betri iko buti na loki ni ya umeme: betri ikiisha, buti halifunguki. Jua mapema ufunguo wa chuma uko wapi ndani ya rimoti.

Canter na Coaster?

Nyingi ni volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zimefuatana. Unaweza kununua chaja ya 24, au ukachaji moja moja kwa chaja ya 12 baada ya kuzitenganisha. Mimi napenda njia ya pili hata kwa mwenye chaja ya 24. Betri mbili hazichoki sawa, na ukichaji moja moja utaiona ipi inayomrudisha mwenzake nyuma. N120 inataka chaja ya ampea 10 hadi 12. Ya ampea 4 utakesha nayo siku mbili.

Na bodaboda?

Betri yake ni ndogo sana, chini ya Ah 10. Usiipeleke kwa fundi mwenye lile boksi la transfoma, itachemka ndani ya saa moja. Tafuta chaja yenye hatua ya ampea 1 au pungufu.

Lazima nitoe betri kwenye gari?

Kwa chaja ya otomatiki, hapana. Kwa transfoma, toa angalau waya wa hasi.

Mpangilio ni huu. Chaja ikiwa haijachomekwa ukutani, bana chanya kwenye chanya. Hasi ibane kwenye chuma cha injini au bodi, mbali kidogo na betri; ila kama umetoa waya wa hasi, ibane kwenye teminali ya hasi ya betri yenyewe. Kisha ndipo uchomeke ukutani na kuwasha. Ukimaliza, zima ukutani kwanza, halafu toa vibanio. Sababu ni kwamba betri inayochajiwa inatoa hidrojeni, na cheche ya kibanio juu yake inaweza kuipasua ikakurushia asidi usoni. Kwa hiyo madirisha wazi, sigara mbali, na usichajie sebuleni wala chumba wanacholala watoto. Magari mapya yana sensa ndogo kwenye teminali ya hasi. Ukibana kwenye bodi badala ya teminali, sensa inahesabu chaji inayoingia na gari halichanganyikiwi.

Ukisikia harufu ya mayai yaliyooza, au ukigusa betri ikawa ya moto mkono usivumilie, zima. Ina seli mbovu au chaja haijui kuacha.

Maji niongeze lini?

Baada ya kuchaji, kwa sababu kimiminika hupanda kinapochajiwa. Ila kama sahani zinaonekana kavu, ongeza kwanza kiasi cha kuzifunika tu. Ongeza maji ya betri, usiongeze asidi. Chupa zake hufanana madukani, soma maandishi.

Umeme ukikatika katikati?

Chaja nzuri ikirudishiwa umeme inaendelea na chaguo ulilokuwa umeweka. Nyingine zinarudi kwenye mapumziko zikisubiri mtu abonyeze kitufe, na wewe uko kazini ukidhani gari linatunzwa. Jaribu siku ya kwanza: anza kuchaji, zima swichi ya ukutani, hesabu hadi kumi, washa, uone. Ni jaribio la kufanya kabla risiti haijapotea. Weka pia kifaa cha kulinda umeme kama kile cha friji, maana umeme unaporudi kwa kishindo ndio unaoua vifaa.

Itanimalizia Luku?

Hapana. Kuijaza betri ya Ah 50 iliyo nusu ni karibu nusu uniti. N70 iliyokwisha kabisa ni uniti moja na kidogo.

Fundi anaweza kunichajia kwa saa moja. Kwa nini nijisumbue?

Kwa saa moja atapiga ampea 30, na multimita itasoma 12.9 ukifurahi. Chaji hiyo iko juu juu ya sahani, haijaingia. Pima tena baada ya saa sita uone. Kwa dharura ya kukufikisha nyumbani inafaa. Kama unampelekea, mwachie hadi kesho na mwombe ampea ndogo.

Si bora ninunue kile kifaa kidogo cha kubustia cha lithiamu?

Nunua vyote viwili ukiweza, kwa sababu havichukuani nafasi. Kile kinaliwasha gari barabarani, hakijazi betri. Mwenye safari za Dodoma usiku anakihitaji kuliko chaja. Mwenye gari linalokaa nyumbani anahitaji chaja kuliko hicho. Usikiache ndani ya gari juani.

Naweza kuchaji kwa jenereta au inveta ya sola?

Ndiyo, mzigo wake ni mdogo. Chaja ya ampea 5 inavuta chini ya wati 100. Jenereta ndogo zisizo za inveta zinayumba volti, hivyo washa jenereta kwanza, iache itulie, ndipo uunganishe. Kama una paneli na gari linakaa juani siku nzima, paneli ya wati 20 pamoja na kidhibiti chake inatosha kulitunza bila kugusa umeme wa ukutani. Usiunganishe paneli moja kwa moja bila kidhibiti.

Naweza kuwasha gari chaja ikiwa bado imeunganishwa?

Hapana. Starta inavuta ampea mia na zaidi kwa mara moja, na chaja ndogo haikuundwa kusimama katikati ya hilo. Zima ukutani, toa vibanio, funga boneti, ndipo uwashe. Zipo chaja chache zilizoandikwa wazi kwamba zinasaidia kuwasha. Kama yako haijaandikwa, chukulia kwamba haisaidii.